Deni la Mbolea Iliyochelewa

Vijana wa ofisini mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijaanza kusahau. Sijui kama mlitegemea habari za vyeo. Vyeo nilipata, vingine kwa kustahili, vingine kwa sababu waliokuwa mbele yangu walihamishwa au walikufa. Mishahara ya wakati ule mkiisikia mtacheka, kwa hiyo nayo tuiache. Nitaandika juu ya kitu ambacho hakimo kwenye faili langu la utumishi, nacho ni woga. Miaka yangu ya kwanza katika mikopo ya wakulima, Mbeya na baadaye Iringa, niliifanya nikiogopa karibu kila siku. Sisi tuliogopa ofisi, na wakulima walituogopa sisi.

Nilianza Mbeya mwanzoni mwa miaka ya sabini, msichana wa Rungwe mwenye cheti cha kidato cha nne na kozi ya uchapaji. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na madirisha yalitazama barabara kuu. Malori ya Zambia yalipita kutwa nzima, vikombe vikitetemeka mezani. Nilikabidhiwa mashine ya kuchapa ambayo herufi yake ya "a" ilikuwa imekatika mkia, pamoja na boksi la karatasi za kaboni. Ninyi hamkuijua kaboni. Ni karatasi nyeusi inayokaa katikati ya karatasi mbili nyeupe ili upate nakala. Ukiigeuza vibaya, maneno yanatokea nyuma ya ukurasa wa juu, kinyume, na kazi yote imeharibika. Siku ya kwanza niliigeuza vibaya mara nne. Meneja alizikusanya zile karatasi, akaziweka mbele yangu, akaondoka. Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi nikaigeuza vibaya mara ya tano.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sanga, mkaguzi wa mikopo, mtu wa Makete. Alikuwa mfupi, mtaratibu, na koti lake la sufu hakulivua hata jua likiwaka namna gani. Wiki ya pili alinikuta nikifunga bahasha za barua za madai.

"Tusekile, hizo umezisoma kwa sauti?"

"Nimezichapa mwenyewe, mzee. Nazijua."

"Sikukuuliza kama unazijua. Huko zinakokwenda zitasomwa kwa sauti. Mwalimu wa shule ataitwa aisome mbele ya mwenye deni na mkewe. Soma kwanza, ujisikie."

Nikasoma. Barua ile ilisema mdaiwa "atachukuliwa hatua kali bila taarifa nyingine". Nilirudia mara mbili maneno "bila taarifa". Mzee Sanga akatikisa kichwa, akasema sasa naweza kuifunga, maana angalau najua ninatuma nini.

Jambo la pili alilonifundisha ni hili, na ninawaachia kama lilivyo. Ukifika kijijini, omba kuonyeshwa ghala kwanza, na daftari baadaye. Daftari huandikwa na mtu mwenye woga, lakini ghala halimwogopi mtu.

Baada ya mwaka na kitu tulihamishiwa Iringa wote wawili, yeye kukagua, mimi kuwa karani wa madeni, na mashine yangu ya kuchapa nikaenda nayo. Nilipanga chumba Kihesa kwa mama mmoja Mlutheri aliyeniuliza kila Jumapili kwa nini kwaya yetu ya Rungwe inaimba haraka. Huo ndio ulikuwa wakati wa watu kuhamia vijiji vipya, na mvua nazo zikawa mbaya. Mahindi yakakosekana nchi nzima. Serikali ikataka kila kijiji kilime kitaalamu, kwa mbegu bora na mbolea ya kiwandani. Fedha za kununua mbolea hiyo hazikuwepo. Kwa hiyo nchi ilikopa kwa nchi moja ya Ulaya, sisi tukaikopesha kwa vijiji, na mwenyekiti wa kijiji akatia dole gumba kwa niaba ya watu wote. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Mimi ndiye niliyeuchapa, na sikuona kasoro.

Msimu ulipokwisha, marejesho hayakuja. Meneja wetu wa Iringa, mtu ambaye naye aliogopa simu kutoka juu kuliko tulivyomwogopa yeye, alituita. Alikuwa na orodha ya vijiji.

"Anzeni na hiki cha bondeni," alisema. "Wana mashine ya kusaga. Ikibidi, ichukuliwe. Nitawapa mgambo wawili."

Kijiji chenyewe sitakitaja, wajukuu wa watu wale bado wanaishi pale. Ni upande wa Ilula, unaacha barabara kuu na kushuka bondeni kwa njia ya mawe. Tuliondoka asubuhi kwa Landrova, mimi na Mzee Sanga mbele na dereva, mgambo nyuma. Nilikuwa sijawahi kwenda kudai ana kwa ana. Tulipokuwa tunakaribia nyumba za kwanza niliona wanawake waliokuwa wanapalilia wakinyanyua vichwa, wakatazama vumbi letu, halafu wakatupa majembe na kukimbilia kwenye mahindi. Walikimbia kweli, huku kanga zikiwaanguka. Nikageuka nyuma nione wanamkimbia nani, nikidhani labda kuna nyoka au mnyama. Nyuma yetu hapakuwa na kitu.

Kwenye uwanja wa kijiji alitungoja mtu mmoja tu, mwenyekiti, Mzee Kihwele. Alikuwa mrefu, mwembamba, kofia mkononi, na kwapani amebana blanketi lililokunjwa vizuri.

"Kamwene, wazee," alitusalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, Ndugu Mwenyekiti," Mzee Sanga alimjibu. "Blanketi la nini mchana huu?"

"La kulalia huko mtakakonipeleka. Mwaka jana walinichukua kwa jambo jingine, bila blanketi. Sakafu ya kule ina baridi."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza amebeba chakula cha njiani. Nilikuwa nimebana faili kifuani.

Mzee Sanga aliomba ghala. Mlango ulipofunguliwa tukakuta mifuko ya mbolea imepangwa hadi darini, mingi haijafunguliwa, imegeuka mawe. Aligonga mmoja kwa fimbo, ukalia kama ukuta. Akauliza ililetwa lini.

Mzee Kihwele alitazama mgambo. Aliyejibu ni mwanamke aliyekuwa ametoka kwenye mahindi na kusimama mlangoni, mjane wa makamo, Mama Sekalinga, ambaye baadaye nilijua ndiye aliyewaongoza akina mama kuchanga fedha za mashine ya kusaga.

"Lori lilikuja mahindi yameshatoa mbelewele, mbolea haina kazi tena," alisema. "Tukawaambia rudisheni, hatuna pa kuiweka. Wakasema mwenyekiti asipotia dole, anapinga kilimo. Akatia. Sasa mwanangu, wewe uliyesoma, hebu nieleze. Tunalipa nini?"

Aliniuliza mimi, si Mzee Sanga. Labda kwa sababu nilikuwa mwanamke mwenzake. Nilifungua faili nikakuta hati ya kupokelea, iliyochapwa na mashine yenye "a" isiyo na mkia. Tarehe iliyowekwa pale ilikuwa ya mwanzo wa mvua. Mtu fulani aliijaza hivyo ili ripoti ipendeze. Nikafunga faili.

Mzee Sanga aliwaambia mgambo warudi kwenye gari. Hatukuchukua mashine, wala Mzee Kihwele. Tulipoondoka alibaki amesimama palepale na blanketi lake, kama haamini kwamba ni ruhusa kurudi nyumbani.

Tulipandisha hadi barabara kuu. Kisha Mzee Sanga akasema, "Kesho utanichapia ripoti. Nakala tatu. Na utatia sahihi kwamba ghala umeliona."

"Lazima na mimi?"

"Si lazima."

Mnapaswa kuelewa wakati ule ulivyokuwa. Neno "mhujumu" lilitembea maofisini kama ugonjwa. Mtu aliweza kuitwa hivyo kwa kupoteza ufunguo wa stoo. Ripoti ya Mzee Sanga ilisema mbolea ilichelewa, tarehe iligeuzwa, na deni la kijiji hiki na vingine vinne lifutwe, kwa sababu maskini hawezi kulipia msaada ambao haukumfikia kwa wakati. Nilitia sahihi. Ningependa kusema niliitia kwa ushujaa, lakini ukweli ni kwamba nilishindwa kumwangalia usoni na kukataa.

Meneja aliisoma akiwa amesimama.

"Nani kakutuma kusamehe mali ya umma?" alimuuliza Mzee Sanga.

"Sijasamehe, Ndugu Meneja. Nimependekeza."

"Mkaguzi hapendekezi huruma!"

Mwezi haukuisha, Mzee Sanga akapata barua. Alistaafishwa kwa manufaa ya umma. Barua hiyo niliichapa mimi, na niliisoma kwa sauti kama alivyonifundisha, peke yangu, mlango umefungwa. Siku aliyokuja kukabidhi meza hakuna aliyethubutu kumsindikiza hadi stendi. Mimi pia sikumsindikiza. Nilijifanya nina kazi ya kuhesabu bahasha.

Kisha Meneja akaniita. Ripoti ile ichapwe upya bila ibara ya mwisho, bila habari za tarehe, na sahihi yangu ibaki. Nilikuwa na mama mgonjwa Rungwe na wadogo zangu wawili shuleni kwa fedha zangu. Nilichapa. Nilitia sahihi. Nakala ya kwanza ya Mzee Sanga sikuichoma kama nilivyoagizwa, nikaiweka chini ya godoro Kihesa, lakini msinisifu kwa hilo. Kwa miezi mingi nililala juu yake nikiogopa tu kwamba mama mwenye nyumba angegeuza godoro kulianika.

Miaka ikapita. Deni lilikua kwa riba. Mzee Kihwele aliitwa mjini mara mbili, akarudi. Karibu na mwisho wa miaka ya sabini, orodha mpya ya kukamata mali ilitoka, na mashine ile ilikuwa ya kwanza. Nilikuwa katikati ya kuchapa amri hiyo, mchana, wakati taarifa ya habari ya saa saba iliposema kwamba nchi moja ya Ulaya imeifutia Tanzania madeni yake yote, ili fedha ambazo zingelipwa ziwasaidie wananchi kuondokana na umaskini.

Ofisi nzima ilipiga makofi. Mtunza fedha wetu, Ndugu Chengula, aliagiza soda. Meneja mwenyewe alitoka chumbani kwake akitabasamu, jambo ambalo niliwahi kuliona mara moja tu, siku alipopata uhamisho ambao baadaye ulifutwa. Nikawa nashangilia na wenzangu, chupa mkononi, hadi nilipokaa tena na kuona karatasi kwenye mashine yangu. Nikasoma nilipofikia: "...mashine ya kusaga nafaka, injini na vifaa vyake vyote..."

Nilitoa faili kabatini. Makubaliano ya mbolea yalikuwa humo, na jina la nchi iliyotukopesha lilikuwa lilelile lililotajwa redioni. Wenye mali walikuwa wameshasamehe. Sisi tulikuwa tunakwenda kukamata mashine ya akina mama wale kwa deni ambalo nchi yetu ilikuwa haidaiwi tena.

Nilimpelekea Meneja. Aliangalia makubaliano, akaangalia mlango, akashusha sauti.

"Tusekile, kilichosamehewa ni deni la serikali. Hili la kijiji ni letu."

"Lakini mbolea ni ileile."

"Mbolea ni ileile, madaftari ni mawili. Rudi kazini. Na usiseme haya mbele ya Chengula."

Kamati ya mikopo ya kanda ilikuwa inakaa Mbeya Ijumaa ya wiki hiyo. Niliomba ruhusa ya kwenda kumwona mama, nikapanda basi na ile nakala ndani ya Biblia. Kuanzia Mafinga hadi Makambako kila mtu aliyepanda na kalamu mfukoni nilimdhania ametumwa kunifuata. Mbeya nilishukia kwanza kwa Mzee Sanga, ambaye alikuwa akiishi kwa binti yake na kulima viazi nyuma ya nyumba. Koti lilikuwa lilelile. Nilianza kumwomba radhi kwa ile siku ya bahasha, akanikatiza.

"Hiyo siku niliona unahesabu bahasha tupu. Haya, unataka kuwaambia nini?"

"Wawasamehe wale watu."

"Usiseme hivyo. Watakuuliza wewe nani. Waulize: Je, tukikusanya fedha hizi, tunampelekea nani?"

Kwenye kamati walikuwa wanaume saba na jagi la maji. Mwenyekiti alisema karani hana nafasi ya kusema. Nilishika kiti kilichokuwa mbele yangu. Nikasema nina swali moja tu la kiofisi. Nikauliza swali la Mzee Sanga. Mmoja wao, mzee wa kilimo kutoka upande wa Njombe, alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Kweli," alisema. "Tunampelekea nani?"

Nikaweka ripoti mezani. Nikasema pia kwamba ripoti waliyokuwa nayo wao niliichapa na kuitia sahihi mimi, na kwamba si ya kweli. Waliniambia nitoke nje, nikakaa kwenye benchi la ukumbini nikiwaza jinsi nitakavyomwambia mama kwamba nimepoteza kazi.

Hawakufuta deni siku hiyo. Walisimamisha ukamataji na kuomba maelekezo Dar es Salaam. Mimi nilipewa onyo la maandishi kwa kuondoka kituoni kwa udanganyifu, na onyo hilo mlitafute, bado limo faili. Meneja hakunisemesha kwa miezi mitano. Nilikuja ofisini kila asubuhi nikiamini kwamba leo ndiyo leo. Halafu ikaja barua ya karatasi moja. Madeni ya mbolea ya vijiji vile vitano yamefutwa.

Niliomba kuipeleka mwenyewe. Landrova ilishuka bondeni, na yote yakawa kama mara ya kwanza, vumbi, majembe kutupwa, watu kuingia kwenye mahindi. Nilisimama uwanjani peke yangu nikaita, "Ni mimi, karani! Nina barua nzuri!" Ilichukua muda mrefu kabla Mama Sekalinga hajatokeza, akiwa na wenzake wachache. Niliisoma kwa sauti.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena. Hakuna aliyefurahi. Walikuwa wanaliangalia gari. Niliuliza mashine iko wapi, kwa sababu banda lake lilikuwa tupu. Kila mtu akatazama chini.

"Ilikufa," mmoja akasema.

Nikaelewa. Nilimwambia dereva aende na gari hadi barabara kuu, anisubiri huko. Nikampa Mama Sekalinga ile barua aishike mwenyewe, yenye muhuri. Nikakaa chini. Jua lilikuwa limeshahama upande wakati alipoingia nyumbani kwake na kutoka na mkanda wa mashine, aliokuwa ameuviringisha ndani ya kikapu cha maharage. Mwingine akaleta chekeche. Wanaume wawili walichimba nyuma ya kanisa wakatoa gurudumu la injini, limepakwa mafuta ya kula na kufungwa kwa gunia. Kipande kwa kipande, mashine ikatoka majumbani. Tangu waliposikia habari za orodha, walikuwa wameivunja na kugawana, na kwa miezi yote hiyo wanawake wale walikuwa wanasaga kwa mawe.

Ilikosekana pampu ya dizeli tu.

"Anayo Mzee Kihwele," Mama Sekalinga alisema. "Alikimbia nayo. Yuko Usangu, anachunga ng'ombe wa wale wafugaji waliotoka kaskazini. Alisema wakija tena, mara hii hawezi kulala tena kule."

Walituma mtu. Pampu ilirudi baada ya wiki tatu, lakini mwenyewe hakurudi. Alimwambia mjumbe kwamba barua ile ni ujanja wa kumkamata.

Kiangazi kilichofuata nilipata safari ya kikazi Usangu, nikamtafuta. Nilimkuta kando ya zizi, amekonda. Nilikuwa nimeliacha gari mbali makusudi. Nilimsomea nakala ya barua, polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mambo mawili. Kwanza, kama mashine inasaga. Nikamwambia inasaga. Pili, kama kuna mtu mwingine kwenye gari.

"Dereva tu, mzee. Panda tukupeleke nyumbani."

"Tangulia, mwanangu. Nitakuja."

Sikuamini kwamba angekuja. Lakini kabla ya mvua Mama Sekalinga alimpa mwalimu wa shule aniandikie. Barua ilikuwa fupi, na niliisoma kwa sauti chumbani kwangu Kihesa. Ilisema Mzee Kihwele amefika, ametembea kwa miguu njia nzima, anakula vizuri na anawasalimia wote wa ofisini. Ilisema pia kwamba gari likisikika likishuka bondeni, hata liwe la padri, bado anaacha anachofanya na kusimama.